Mjomba Severin na Kodi ya Janjira

Kaka yangu Severin Komba hajawahi kukanyaga India, na kwa pensheni anayoipata sidhani kama atakanyaga. Lakini kaa naye vituo vichache tu kwenye treni ya chini ya ardhi, utashuka ukiwajua watawala wote wa Janjira, nani aliwazingira, na kwa nini ngome yao haikutekwa kamwe. Hatakuuliza kama ulikuwa unakwenda kung'olewa jino. Mimi nimeisikia habari hiyo mpaka nimekinai, na nikiisimulia hapa ni kwa sababu nusura iniharibie harusi ya mwanangu wa pekee.

Severin alizaliwa Peramiho, karibu na Songea, akanitangulia miaka sita. Alikuja Stockholm miaka ya themanini, kijana wa serikali, ametumwa kusomea umeme wa mitambo kisha arudi kujenga taifa. Hakurudi. Alioa Mswidi, wakaachana bila mtoto na bila ugomvi, akaajiriwa kule Husby kama fundi wa mashine za kufulia. Msiicheke kazi hiyo. Huku kila jengo lina chumba chake cha kufulia, watu wanajiandikia zamu, na mashine ikigoma siku ya zamu yako, majirani wasiosalimiana mwaka mzima wanaanza kutafutana ubaya. Severin ndiye aliyekuwa akiitwa kuamua na kutengeneza. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu, na sijasikia hata mara moja kwamba mtu alimshukuru.

Yeye ndiye aliyenivuta huku. Nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee, nikaolewa, nikamzaa Tiana hapa Bredäng, na Tiana hajaanza shule, baba yake akafariki. Tangu hapo kila Jumamosi Severin alipanda treni ya buluu kutoka Husby, akabadilisha mjini, akapanda nyekundu, akaingia kwangu na kisanduku chake cha vifaa. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto baiskeli. Yeye ndiye aliyekaa kwenye vile viti vidogo vya mikutano ya wazazi, magoti yamemfika kidevuni, akiuliza maswali ambayo mwalimu hakuyatarajia. Tiana mimi hunijibu kwa Kiswidi, nimuulize kwa lugha gani nimuulize. Lakini neno Mjomba hajawahi kulitafsiri, hata mbele ya wenzake.

Kwa hiyo mkisikia nafoka, jueni namfokea mtu ambaye sina mwingine kama yeye. Na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi.

Janjira iliingia nyumbani kwangu kwa mlango wa mapenzi. Tiana alituletea mchumba, Ninad Parab, kijana wa Kihindi aliyekulia Kista, mpole, anayeosha vyombo bila kuambiwa. Wazazi wake ni watu wa pwani ya Konkan, kusini ya Mumbai. Siku ya kwanza kukutana na Severin, Ninad akatafuta la kuzungumza, masikini, kama wafanyavyo vijana mbele ya wakwe. Akatoa simu akamwonyesha picha. Akasema upande wa mama yake ni watu wa mji uitwao Murud, na pale mbele ya Murud, baharini, kuna ngome juu ya mwamba, na watawala wake walikuwa Waafrika.

Severin aliweka kikombe chini. "Rudia," akasema.

Angejua, Ninad angezungumzia mpira.

Tangu siku hiyo hatukupumua. Severin alisoma kila alichokiona maktaba, akatazama kila video, akawa anakuja kwangu Jumamosi akiwa na jipya. Tangu mwanzo wa miaka ya elfu moja mia sita, ngome hiyo ilikuwa mikononi mwa Masidi, manahodha na askari wenye asili ya Afrika. Waliwatumikia masultani wa bara, kisha wakawa wenye manowari za wafalme wa Mughal, wakizilinda meli za mahujaji. Wamaratha, ambao huko ndio mashujaa wa vitabu vya shule, waliizingira ngome ile tena na tena. Walijenga ngome nyingine kwenye mwamba wa jirani ili waibane. Inasemekana hata walijaribu kujaza mawe baharini wapite. Wapi! Na Masidi wenyewe, kwa muda mrefu, hawakurithishana utawala baba kwa mwana. Manahodha walikaa wakamchagua mwenzao anayefaa. Baadaye ndipo ukawa ukoo wa kurithi, mtawala akaitwa Nawabu, na mmoja wao aliyekosa kiti akaenda kuanzisha tawi la ukoo huko Sachin, Gujarati. Waingereza walikuja, Nawabu akabaki. Mpaka mwaka arobaini na nane, India ilipokuwa imeshapata uhuru, dola ile ndogo ikaunganishwa na nchi.

Haya yote ni kweli, nilimwomba Tiana ahakikishe. Lakini Severin alikuwa na kawaida ya kuongeza yake. Kwake Masidi walikuwa "watu wetu." Tiana alimwonyesha kwamba wengi walitokea Habash, Ethiopia ya leo, na kwamba wengi walifika India kama watumwa kabla hawajawa mabwana. Severin akasema Habash na Songea ni upande mmoja wa bahari, na hilo la utumwa akaliruka kama dimbwi. Aliisimulia hadithi yake kwenye ubatizo. Aliisimulia kwenye matanga kule Norsborg, akimwambia mfiwa, Mama Ghislaine wa Bukavu, mpaka yule mama akamshika mkono akamsihi kwa Kifaransa anyamaze, "Papa Severin, s'il vous plaît." Niliona aibu nikatamani kujificha kwenye makoti.

Ingeishia kuwa kero tu, kama si utani.

Asiyejua na ajue: sisi Wangoni na Wahehe tulipigana vita vikali zamani, tukauana, mwisho tukawa watani. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Anachukua kitu chako na unakikomboa. Severin ana mtani wake hapa, Eliakim, Mhehe wa Iringa, aliyefanya naye kazi. Kila asubuhi Severin alikuwa akimwita mtumwa wake, na Eliakim anadai ng'ombe walioibwa na mababu zetu. Siku moja msimamizi wao wa Kiswidi akauliza wanacheka nini. Severin, kwa uaminifu wake wa kijinga, akatafsiri. Wakaitwa kikao cha kujadili heshima kazini, na Eliakim, aliyehesabiwa kuwa ndiye mwonewa, akaja na keki kumtetea mwonevu wake. Lakini mama yetu alipofariki Songea na sisi hatukuweza kusafiri, ni Eliakim aliyekuja kwangu, akavua viatu, akakalia kiti cha mfiwa mkuu, akadai chakula kwa makelele, akasema marehemu alimwahidi jogoo. Tulicheka huku machozi yanatutoka. Kwa Severin, utani si mzaha. Ni heshima ya mwisho unayoweza kumpa mtu mliyewahi kuumizana naye.

Basi fikirini alivyopiga hesabu zake. Waliopigana na kutawaliana huwa watani. Waafrika walipigana na Wamaratha na wakaitawala Murud. Kwa hiyo akina Parab ni watani zetu.

"Kaka," nilimwambia, "utani unataka pande zote mbili zijue."

"Watajua," akanijibu.

Akina Parab walipanga kuja kwangu Jumapili moja ya Machi kuzungumzia ndoa rasmi. Ni Ninad aliyewashawishi wafuate desturi yetu, ya upande wa mume kuja kuomba. Mimi nilikuwa na hofu yangu ambayo sikumwambia mtu. Nilishafika kwao mara moja, na pale sebuleni kuna picha kubwa ya mfalme wa Kimaratha juu ya farasi, na Mama Parab alikuwa na adabu ya kupita kiasi, ile ya mtu ambaye bado hajaamua. Sikutaka mwanangu aingie kwenye nyumba ambayo watamvumilia tu. Nilitaka wampende. Nikampigia Severin, ambaye ndiye msemaji wa ukoo maana hapa hatuna mzee mwingine, nikamwambia: salamu, chakula, mazungumzo, basi. Usiitaje Janjira. Akaapa kwa jina la mama.

Na kweli hakuitaja, kwa muda wa kama robo saa.

Theluji ilikuwa inayeyuka, barabarani tope tupu. Wakaja wanne: Ninad, baba yake, mama yake, na bibi yake mzaa mama, kikongwe wa Murud aliyeletwa juzijuzi kuishi na binti yake, hajui Kiswidi wala Kiingereza. Wakavua viatu mlangoni kama kila mtu afanyavyo huku. Nikawakaribisha sebuleni. Nilikuwa nimepika tangu alfajiri, sufuria moja ya nyama na nyingine ya maharage ya nazi kwa ajili ya Mama Parab asiyekula nyama. Tukaketi, nikaanza kupakua huku tukiulizana habari za safari. Ghafla nikagundua Severin hayupo.

Nikasikia mlango wa bafu unafungwa kwa ufunguo. Kisha akatokea, amesimama katikati ya mlango wa sebule, suti imemkaa vizuri, ufunguo mkononi ameuinua juu. Akaanza kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kiswidi.

"Viatu vyenu vimetekwa!" akasema. "Viko ndani ya ngome ya Janjira, na ngome hiyo haijawahi kutekwa. Mmekuja kutuomba binti, na kodi ya Nawabu hamjaleta tangu mwaka arobaini na nane! Hatoki mtu hapa mpaka kila mmoja aimbe wimbo, wimbo mmoja kwa jozi moja."

Akacheka, akasubiri. Alikuwa anasubiri jibu, Mungu wangu. Alikuwa anasubiri Bwana Parab naye asimame, amwite mwizi wa baharini, adai chochote, wakumbatiane.

Tiana alikuwa ameziba uso. "Mjomba, snälla," akasema. Tafadhali.

Bwana Parab aliweka sahani chini. "Kodi ya nani?"

"Ya watawala wenu wa zamani. Sisi."

"Bwana Komba," akasema Bwana Parab, polepole, kama anayemsomea mtu masharti, "mimi ni Mmaratha. Watu wangu hawakuwahi kuwa raia wa Nawabu yeyote."

Hapo nikamwona Mama Parab anamgeukia mumewe. Maana watu wake yeye, wa Murud, ndio waliokuwa raia wa Nawabu, na ni wazi haikuwa mara ya kwanza kukumbushwa hivyo. Akamwambia jambo kwa Kimarathi, fupi na kali. Bwana Parab akajibu. Sasa tukawa na magomvi mawili ndani ya sebule moja, na mimi nimesimama na kijiko cha wali nisijue nimpakulie nani.

Kikongwe akauliza kuna nini. Ninad akainama akamweleza sikioni. Bibi akamtazama Severin kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi. Kisha akasema maneno machache.

"Anasemaje?" Severin akauliza, bado ana tabasamu.

"Hakuna kitu, Mjomba," Ninad akasema.

Lakini Bwana Parab alitafsiri, tena bila kupunguza hata neno. "Anasema Nawabu alimwona kwa macho yake alipokuwa mtoto, akipita na gari lake. Anasema alikuwa mtu wa adabu. Anasema wewe si wa ukoo ule."

Severin alishusha mkono. Alikwenda akafungua bafu, akarudi na viatu, akapiga magoti pale kwenye korido akavipanga jozi kwa jozi, visigino vikiwa ukutani. Vya bibi alivifuta tope kwa leso yake. Akina Parab walikaa kidogo kwa adabu, wakala kidogo kwa adabu, wakasema watazungumza nyumbani. Sufuria ya maharage ilibaki kama ilivyopikwa.

Walipoondoka nilimfuata jikoni nikamwagia yote. Nilimwambia yeye ni mzee mzima asiye na akili. Nilimwambia ameapa kwa jina la mama na mama yuko kaburini. Nilimwambia kama Tiana akikosa ndoa hii, asikanyage tena Bredäng, na treni nyekundu aisahau. Alikuwa ameegemea friji, ananisikiliza, suti bado ameifunga vifungo vyote.

"Vumi, mdogo wangu," akasema mwishoni, "tangu nimefika nchi hii, kila mlango ni mimi ninayebisha. Ofisini, nyumbani kwa watu, hata kuomba kutengeneza mashine za watu naomba kwanza. Leo watu wamekuja kubisha kwetu. Nilitaka mara moja tu, sisi tuwe ndio wenye ngome. Na nilitaka wawe ndugu. Kwetu ndugu unamkaribisha hivyo."

"Hapa si kwetu," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilitaka."

Nikamkasirikia zaidi kwa hilo. Nikamfungia maharage kwenye chombo, akaondoka nayo.

Siku zikapita. Tiana alikuwa akirudi kutoka kazini kwenye duka la dawa, anaingia chumbani, anafunga mlango. Ninad akawa anapiga simu na wanaongea kwa sauti ya chini. Mwishowe Mama Parab akanipigia yeye mwenyewe. Sauti yake haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa ya mtu aliyepigania jambo na kuchoka. Akasema wamekubali. Akasema Tiana ni binti yao na atakuwa na raha kwao, yeye mwenyewe atahakikisha. Nilikaa chini kwenye kiti cha viatu pale koridoni, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Mume wangu anaomba jambo moja," akaongeza. "Kaka yako aje, ale, afurahi. Lakini siku ya harusi asisimame kuzungumza. Asishike kipaza sauti. Nimejaribu kumbadilisha, nimeshindwa. Tafadhali nielewe."

Nilielewa. Nilimwelewa hata yule Bwana Parab na farasi wake ukutani, na sikutaka kumwelewa. Ni nani amempa ruhusa ya kuchagua nani aseme kwenye ukoo wangu? Lakini nilikuwa nimeishika simu hiyo kwa mikono miwili, nikasema nitazungumza na nyumba yangu.

Tiana nilimweleza akiwa amesimama na koti lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Säg ja, mamma," akasema. Kubali. "Mjomba ataelewa." Kisha akaingia bafuni, akafungulia maji ya sinki, akayaacha yakitiririka muda mrefu sana.

Mimi ndiye niliyebaki na kazi ya kumwambia. Si Bwana Parab, si Tiana, mimi. Jumamosi nikapanda treni nyekundu, nikabadilisha mjini, nikapanda ya buluu, njia yake yeye, nikiwa na hasira na kila aliyekaa na kila aliyesimama. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nitasema haraka, nitakunywa chai, nitaondoka.

Alifungua mlango kabla sijabonyeza kengele mara ya pili. Uso wake ulikuwa mkunjufu, sijauona hivyo tangu ile Jumapili. Tiana alikuwa ameshamtumia ujumbe kwamba ndoa ipo, na hakumwambia zaidi.

"Kaa hapo," akasema, akaniweka kwenye kochi. "Usiseme kitu. Nimeitoa Janjira yote. Nawabu nimemtoa, ngome nimeitoa, kodi hakuna. Sikiliza."

Akasimama karibu na dirisha, akaweka mikono nyuma, akamwangalia mtu asiyekuwepo mwisho wa ukumbi.

"Naitwa Severin," akasema kwa Kiswidi safi, taratibu. "Mimi ni mjomba wa bibi harusi. Bwana Parab na Mama Parab, nawashukuru kwa kumlea Ninad. Bibi, nakushukuru kwa kuja kutoka mbali, na naomba radhi kwa ajili ya viatu. Tiana ni mtoto anayecheka kwa urahisi. Naomba mumwache aendelee hivyo. Nimemaliza."

Akanigeukia. "Ni fupi mno?"

"Ni nzuri, kaka," nikamwambia. Na ilikuwa nzuri. Hajawahi kusema kitu kizuri kama kile maisha yake yote.

Kisha nikamwambia.

Nilipomaliza aliendelea kusimama pale pale, mikono bado iko nyuma, kama mtu aliyesahau kuishusha. Nilitegemea afoke, nilitaka afoke, ningepata pa kutua hasira zangu.

"Sawa," akasema. "Basi siku hiyo nitakaa wapi?"

"Mbele," nikamjibu. "Kando yangu, kwenye kiti cha baba yake."

Hilo sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.